Jina la Pili la Mmea

Kazi ya dada yangu ni kukausha mimea, kuibandika kwenye karatasi na kuipa majina. Ajabu ni kwamba mmea pekee aliowahi kuukuta hauna jina duniani ulikuwa umeota nyuma ya jiko la mama, kwenye ufa wa saruji. Ukiung'oa, shina linakatika na mizizi inabaki. Sisi wengine tuliuita gugu, tukaendelea na maisha.

Jina la mmea lina sehemu mbili: la kwanza la ukoo, la pili la kwake mwenyewe. Mama akaling'ang'ania hilo la pili. Kaka yetu alifariki bila kuacha mtoto, na mama alitaka jina lake libaki mahali. Lakini dada alikuwa ameshachagua neno la Kilatini, tenax, na makala yake ilikuwa inakwenda kuchapishwa kesho yake. Jina likishachapishwa halibadilishwi.

"Ndiye mdudu gani huyo?" mama akauliza.

"Ni sifa, mama. Maana yake mwenye kushikilia, asiyeachia. Limetokana na kitenzi cha kushika."

"La kiume au la kike?" Mama kwa kupekua hajambo.

"La wote. Sifa nyingi za Kilatini hufuata jina, kama sisi tunavyosema mtu mwema, kitu chema. Hili, likitajwa hivi lilivyo, ni lilelile. Mwanamume tenax, mwanamke tenax, kitu tenax."

"Na jina la kaka yako lina kasoro gani?"

Mimi ni kitinda mimba. Kazi yangu pale ni kumimina chai na kukaa kimya, na ya kwanza naiweza. Nikamwongezea mama chai.

"Itanibidi niliandike kila siku, mama," dada akasema. "Nilibandike kando ya majani makavu. Siwezi."

Nikaona aibu. Tangu mazishi hakuwahi kumtaja marehemu, nami nilikuwa nikisema ana roho ngumu.

Mama akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Hebu rudia maana yake."

"Asiyeachia."

"Kule hospitali waliniambia niachie mkono wake, eti ameshakwenda. Manesi wakanibembeleza weee. Sikuachia mpaka ukapoa." Akaketi. "Andika hilohilo."

Dada akainuka kwenda kufuata kompyuta yake, akaishia mlangoni. Akarudi, akalaza kichwa mapajani mwa mama, akalia kwa sauti huku akimwita kaka kwa jina lake.