Hayumo

Katika nchi ya Kumbo, kumbukumbu za watu wote zilichorwa kwenye vibao vya udongo ndani ya nyumba iliyoitwa Kiini. Kilichochorwa humo watu walikikumbuka. Kilichofutwa, walikisahau kidogo kidogo, siku hadi siku.

Zamani kila raia aliingia Kiini apendavyo. Kisha mtu mmoja, akijiongezea shamba, akavunja kibao cha mifereji. Watu wakasahau njia za maji, nayo yakaufunika mtaa wa Mavumoni. Ndipo Mfalme akajenga ukuta. Aingiaye akawa Waziri na waandishi wake tu. Wengine wote wakasemea dirishani. Watu walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Hakuna aliyeuliza nani atawaangalia walio ndani.

Mwaka wa tisa tangu ukuta ujengwe, mfinyanzi aitwaye Msumi alisema sokoni kwamba mifereji yote sasa inaelekea mashamba ya Mfalme. Akachukuliwa. Mkewe, Mwanjaa, akaenda dirishani.

"Namuulizia mume wangu, Msumi."

"Hayumo," mwandishi akajibu.

"Amefungwa?"

"Sikusema amefungwa, mama. Hajapata kuwamo."

Majirani wakaanza kumpa pole kwa kuishi bila kuolewa. Mama mkwe akashika makubadhi ya mwanawe, akamuuliza Mwanjaa, "Mwanangu, haya ni ya nani?" Mwanjaa mwenyewe, asubuhi moja, alishindwa kuikumbuka sauti ya Msumi. Akaketi sakafuni, akalitaja jina lake mpaka koo likakauka.

Siku ya baraza akasimama mbele ya Mfalme.

"Unataka tuubomoe ukuta?" Mfalme akauliza. "Umeisahau Mavumoni?"

"Dada yangu nilimzika Mavumoni, Mtukufu. Ukuta na ubaki. Ila awepo mtu wetu mmoja wa kutazama mnachokifuta."

Waziri akatabasamu. "Mama, mtu wenu huyo akishaingia, si atakuwa wetu?"

Baraza likacheka, na Mfalme akacheka kuliko wote. Mwanjaa akatolewa nje.

Lakini tangu hapo kila asubuhi alirudi kupanga foleni dirishani, na kila asubuhi akajibiwa neno lile lile.

Baada ya mavuno, mzee mmoja mwenye joho lililochafuka alikuja akiwasukuma watu. Akagonga dirisha kwa ngumi.

"Fungueni! Ni mimi, Mfalme wenu!"

"Mfalme yuko barazani," mwandishi akasema kwa upole. Na kweli, Waziri alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mfalme. "Wewe humo, mzee."

Yule mzee akageuka. Akawatazama watu wa foleni mmoja mmoja, nao wakamtazama kama mgeni. Akafika kwa Mwanjaa.

"Mama, wewe unanijua?"

Sura ile ilikuwa imeanza kumtoka akilini, lakini kicheko cha barazani alikuwa nacho bado.

"Nakujua," akasema. "Nawe niambie, Msumi alikuwa nani?"

 

"Mfinyanzi," mzee akasema. "Alikuwa na kovu kidevuni. Aliomba maji, nikakataza asipewe."

Mwanjaa akamshika mkono kwa nguvu, asije akaondoka.

"Endelea," akamwambia. "Sauti yake ilikuwaje?"