Printa Iliyokumbuka Mgongo Wangu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala ndani ya trei ya pili ya printa ya ofisini, nimenyooka vizuri, saizi ya A4, na wala sikuona ajabu.

Nieleze kwanza kilichonipeleka huko. Mimi ni Tecla Haule, mtunza masijala kwa miaka kumi na minne hapa Songea. Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alifanyiwa kicheni pati ya kumfunda kabla ya ndoa, nami nikaomba ruhusa ya siku moja tu. Mkuu wetu, Mama Ndomba, akanijibu bila kuinua macho: "Mwezi wa wakaguzi haendi mtu popote." Basi nikatoa karatasi ya daktari ya mwaka jana, ile niliyopewa nilipoumwa mgongo kweli. Nikabandika kikaratasi juu ya tarehe, nikaandika tarehe mpya, nikaipiga fotokopi kwenye printa ya koridoni. Alhamisi nikacheza mpaka kiatu kikanivuka. Mama Ndomba naye siku hiyo hakuonekana kazini. Tuliambiwa ana malaria.

Jana akaja fundi Mbawala kuiangalia printa, maana inauzwa.

"Dada Tecla, hii ina diski ndani," akasema huku anatafuna karanga. "Kila karatasi iliyopita hapa, picha yake imo. Kesho saa mbili naifungua mbele ya wakaguzi, waone kama kuna siri za ofisi kabla haijaondoka."

Nilirudi nyumbani sina hamu hata ya kula. Kwa karatasi kama ile mtu anafukuzwa kazi bila kiinua mgongo, na mimi nina watoto wawili sekondari. Nikalala na hofu yangu.

Sasa nimo kwenye trei. Rola inanivuta kwa heshima, miguu kwanza. Mlangoni amekaa mlinzi, kwenye kitambulisho chake pameandikwa Kumbukumbu ya Muda.

"Karibu, dada. Jina?"

"Tecla Haule."

Analiandika kwa mwandiko mzuri sana. Umeme unakatika, unarudi.

"Karibu, dada. Jina?"

Tunafanya hivyo mara tatu, na kila mara anafurahi kunifahamu. "Mimi sina neno na mtu," ananiambia. "Umeme ukienda, nimeshasahau. Anayekumbuka yuko ndani."

Ndani ni masijala yangu ileile, na feni ileile isiyozunguka, ila rafu zinakwenda mpaka Njombe. Kibao cha Njombe nimekiona kwa macho yangu. Katikati yuko bibi mmoja wa mviringo, anang'aa, amevaa miwani, na anazunguka bila kusimama, hivyo nusu ya kila sentensi anaisemea ukutani. Ndiye Bibi Diski.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umefuata karatasi."

"Nataka ifutwe."

"Wote mnasema hivyo. Safu ya arobaini, kiti cha saba."

Kwenye kiti cha saba nimekaa mimi. Tecla mwingine, bapa, mweusi na mweupe, kikaratasi cha tarehe kimebandikwa kwenye paji la uso na pembe moja imeanza kubanduka. Ameshika kiuno.

"Umechelewa," ananiambia. "Wiki tatu nzima naumwa mgongo wako huku wewe unacheza."

Naona aibu, kusema kweli. Lakini saa mbili inakaribia, na aibu haimtoi mtu kwenye diski. Nafanya ninavyofanya kila siku kazini: nachukua rejesta, nakata jina langu kwa wino mwekundu, napiga muhuri wa FAILI LIMEFUNGWA, nasaini, naweka tarehe. Kazi safi.

Tecla wa kwenye kiti bado yupo. Anakuna sikio.

"Hapo umefuta jina kwenye rejesta," anasema Bibi Diski, anazunguka, anarudi. "Karatasi iko palepale. Ndivyo mnavyojidanganya kila mnapobonyeza kitufe cha kufuta. Hapa kitu kinafutika kwa kuandikiwa juu yake mara tatu. Mara ya kwanza sufuri tupu. Mara ya pili moja tupu. Mara ya tatu upuuzi usio na maana yoyote. Na mtu hajiandikii mwenyewe, anaandikiwa na mwenzake."

"Mwenzangu nitampata wapi?"

Kutoka kiti cha nane mtu anakohoa. Ni Mama Ndomba, mzima, wa rangi zote, amevaa sare nyeupe ya wacheza ngoma ya chioda na filimbi shingoni. Mbele yake amekaa Mama Ndomba wa pili, bapa, anatetemeka kwa malaria, naye ana kikaratasi kwenye paji la uso.

Tunatazamana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Tecla. Yalikuwa mashindano ya chioda, Mbamba Bay. Mimi ndiye kiongozi wa kikundi. Ningefanyaje?"

"Sijauliza kitu, Mama."

"Vizuri. Shika kalamu."

Anapuliza filimbi, tunaanza. Mimi naandika sufuri juu ya malaria yake, yeye anaandika sufuri juu ya mgongo wangu, kuanzia utosini mpaka kwenye kisigino. Filimbi tena. Sasa ni moja, moja, moja, mpaka vidole vinakufa ganzi. Wale wawili wanafifia kidogo, lakini bado naiona tarehe, na ninajua kuwa ni ya uongo.

Filimbi ya tatu. Upuuzi.

"Rejea barua yako yenye kumbukumbu namba kumi," naandika.

"Hiyo ina maana," anasema Bibi Diski.

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

"Nayo ina maana. Ndogo, lakini ipo."

Miaka kumi na minne ya masijala imeniharibu. Mama Ndomba ananisogeza kwa kiwiko. "Mwachie mkuu wa ofisi. Mkutano uliazimia kwamba maazimio ya mkutano uliopita yaendelee kuazimiwa."

"Ni upuuzi," anakubali Bibi Diski, "ila huo ninao tayari. Nakala arobaini, pande zote mbili."

Nje nasikia bisibisi ya Mbawala inaanza kufungua skrubu. Nasikia na karanga zake. Mama Ndomba anatokwa jasho, ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane naona kwamba naye anaogopa, kama mimi tu. Namhurumia. Nampokonya filimbi naipuliza kwa nguvu zangu zote, na hapo mkuu wetu anapasuka:

"Mchicha uko likizo! Bata wamevaa Jumatano! Kijiko, mpe shangazi yako lami!"

"Mwezi umeota meno ya sufuria!" namjibu, na mkono wangu unakimbia. "Kabati linanyonyesha kengele!"

"Hapo sawa," anasema Bibi Diski, na ni kama anatabasamu, ila kashageukia ukutani.

Malaria inayeyuka. Tecla wangu naye anaanza kufutika, miguu, sketi, mabega. Kabla mdomo haujaondoka ananiuliza kwa upole:

"Sawa, mimi naenda. Na mgongo nimwachie nani?"

Nikaamka, jua limejaa chumbani, saa tatu kasoro. Simu ilikuwa inawaka ujumbe wa Mama Ndomba:

"Tecla, fundi kafungua mbele ya wakaguzi. Diski nyeupe pe. Wamekuulizia, nimewaambia unaumwa mgongo. Ukija uje na karatasi ya daktari, safari hii ya kweli. Na habari za mchicha ziishie hukohuko."

Nikataka kuinuka nikae, nicheke vizuri. Mgongo ukakataa.