Shangazi Apelekwa Leba

Usiku wa kuamkia leo niliota Shangazi kashikwa na uchungu juu ya cherehani yangu.

Shangazi ni kinyonga. Ni wa binti yangu Eliapenda, ambaye alipokwenda shule ya bweni aliniachia na neno moja tu: "Baba, asife." Leo anafunga shule, anarudi. Na mama yangu mzazi wiki nzima ananiambia kwamba kinyonga hazai, hupasuka tumbo, watoto wakatoka, yeye akafa. Hapo mtu utalala vizuri?

Basi, ndotoni nambeba kwa kijiti mpaka kliniki. Kliniki iko ndani ya kabati la nguo. Mlangoni pana mizani ya kupimia watoto, ina sauti ya muuguzi aliyechoka.

"Vifaa vya kujifungulia umeleta?"

"Nimeleta. Kanga doti mbili, beseni, pamba, glovu, wembe mpya."

"Mjamzito hatakiwi kukodolewa macho."

"Sitamkodolea."

"Basi yaache hapa."

Nikayatoa macho yangu, nikayaweka kwenye beseni. Yakaendelea kuona, moja likitazama mlango, jingine likinitazama mimi. Nimekonda, kumbe.

Nageuka, wodi imekuwa migomba ya nyumbani kwa mama. Mama ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi za mtori, ile supu ya mzazi. Hata hainui kichwa.

"Mpasue, mwanangu. Usimwache ateseke."

"Mimi niko tayari," wembe ukasema ndani ya karatasi yake.

Tumbo la Shangazi limejaa, linacheza huku na huku. Amekuwa mweusi ti. Naogopa, jamani, naogopa kuliko siku aliyozaliwa Eliapenda mwenyewe. Naufungua wembe.

"Baba Eliapenda," anasema Shangazi, "huo wa nini?"

"Wa kukupasua, upone."

"Kasema nani?"

"Mama."

"Yeye kazaa vinyonga wangapi?"

Mama anaendelea kumenya. Wembe unajifunga karatasi yake, umeona aibu.

Kisha Shangazi anazaa. Hapasuki. Watoto wanadondoka mmoja mmoja juu ya jani la mgomba, kila mmoja na kifuko chake cha ute, wanajinyoosha, wanachomoka, wanatembea. Nafurahi mpaka nafanya kama wafanyavyo wakunga wote: namchukua wa kwanza, namfuta kwa kanga, nampeleka kifuani kwa mama yake.

"Mwondoe," anasema Shangazi.

"Ni mwanao huyu. Mpokee."

"Simjui. Nina njaa, na kinachotembea mbele yangu ni chakula. Mwondoe haraka!"

Jicho lake moja limemkazia mtoto. Jingine linanitazama mimi, linaomba. Mdomo unafunguka.

Lo! Nawazoa wote kwa kanga, nawatia kwenye beseni, na macho yangu humo ndani yanapiga kelele, "Kushoto! Nyuma yako!" Nawahesabu. Kumi na saba. Vifuko vya ute juu ya jani ni kumi na vinane.

"Shangazi, fungua mdomo."

"Sifungui."

"Umemla?"

"Wa mwisho nimemficha, nisimwone. Nimemwambia asitikisike mpaka utakapowatoa wenzake. Sijiamini."

"Umemficha wapi?"

Nikaamka kabla hajanijibu.

Nilikimbilia tundu lake bila viatu. Mlango umefungwa kwa ndoana yake, kama nilivyouacha. Ndani Shangazi yuko hai, tumbo limenywea, na watoto wametapakaa vijitini. Mmoja alikuwa mbele kabisa ya pua yake, na jicho limemkazia. Nikawahamisha wote kwenye beseni lenye majani, nikawanyunyizia maji kidogo, ndipo nikawahesabu. Kumi na saba.

Nilipekua tundu zima. Nikalitazama tumbo la Shangazi, nikamwazia ubaya.

Nikaketi kwenye cherehani. Kastabini yangu, ile ninayoivaa kidoleni nikishona, ilikuwa imefunikwa kifudifudi juu ya meza. Mimi siku zote huiacha mfukoni mwa koti. Nikaiinua.

Alikuwa humo, amejikunja kama punje ya harage, hatikisi hata jicho.

"Wenzako nimeshawatoa," nikamwambia. "Haya, tembea."

Akatembea.