Kamati ya Mazishi ya Wathome

Kamene alikuwa akipiga pasi marinda ya sare za shule kwenye kibanda chake cha ushonaji, soko la Jericho, simu ilipolia. Mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyekesha akamwambia kwamba Mama Mutheu ametutoka.

"Ooh, poleni sana," Kamene akasema.

Hakumkumbuka Mama Mutheu hata kidogo. Lakini jamani, nani atamuuliza mfiwa, "Kwani marehemu ni yupi?" Mtaani pale mtu akifa, grupu la kamati ya mazishi hufunguliwa kwenye simu kabla maiti haijafika mochari, na ukishaingizwa humo hutoki, hata kama humjui aliyelala. Ukitoka utasemwa mpaka uhame. Kwa hiyo yule bwana aliposema, "Nakuweka kwenye kamati, kuna namba itakuja kwa meseji, nisomee tu," Kamene aliisimamisha pasi, akamsomea namba polepole, na akaongeza, "Mungu awatie nguvu."

Hapo hapo akaunti yake ya meseji ikahamia kwa yule bwana. Kabla ya chakula cha mchana, Kamene huyo aliyehamia kwingine alikuwa amewaandikia wateja, wanakwaya na jamaa wote hadi Machakos: "Wapendwa, kaka yangu Wathome ametuacha. Naomba mnishike mkono." Chini yake palikuwa na namba ya kutuma mchango.

Wathome alikuwa nyuma ya soko, akichonga mwiko, mzima kabisa.

Wa kwanza kutuma alikuwa Nyawira muuza viatu, mtu wa roho safi sana. Alipotuma tu, nyundo ya Wathome ikaacha kutoa sauti. Aligonga patasi, vipande vya mti vikaruka, na hakukusikika kitu. Teresiah wa hoteli akatuma chake, kivuli cha Wathome kikaondoka kikafuata ukuta wa soko hadi kikapotea kwenye kona. Kwaya ilipotuma mchango wa pamoja, uzito wake ukaondoka. Ikabidi atie mawe mifukoni ndipo aweze kutembea hadi kibandani kwa dada yake.

"Kamene," akasema, "kwani umeniua?"

"Si mimi, kaka. Kuna mtu ameingia kwa jina langu. Nilimsomea namba."

"Basi waambie watu waache kutuma. Kila wakituma napungua."

Wathome ndiye aliyemlea Kamene wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza, na sasa alikuwa anaisha mbele yake kwa wema wa watu. Kamene akafunga kibanda, akamshika mkono asipeperuke, wakatoka.

Kituoni polisi aliandika maelezo, akamtazama Wathome, akasema pole kwa msiba. Kwenye duka la huduma za simu walihudumiwa na binti mmoja mpole aitwaye Waruguru.

"Mama, hiyo namba ndiyo ufunguo wa mlango wako," akasema. "Haisomewi mtu yeyote, hata sisi tukiiomba. Na ungekuwa umeweka namba yako ya siri ya pili, hangeingia hata ukimsomea. Sasa yeye ndiye ameiweka. Itabidi ungoje wiki nzima."

"Na kaka yangu?"

Waruguru alimtazama Wathome, aliyekuwa ameshikilia ukingo wa kaunta.

"Asikae chini ya feni," akasema.

Basi Kamene akaenda mlango kwa mlango na kaka yake kando. Wathome yuko hai, akawaambia, huyu hapa, mguseni. Watu wakamsikiliza kwa huruma, halafu wakatoa simu zao wakamwonyesha.

"Lakini wewe mwenyewe umeandika amekufa," Nyawira akasema. "Jina lako hili. Picha yako hii, na ile blauzi ya Pasaka."

"Si mngempigia mwenyewe mkamuuliza?"

"Wacha, Kamene! Nani humpigia marehemu?"

Nyawira akamsalimia Wathome kwa mikono miwili, akampa pole, akarudi kupanga viatu.

Wiki ikaisha, akaunti ikarudi. Kamene akaandika: "Sikuwa mimi. Ni mwizi. Wathome hajafa. Msitume tena chochote." Majibu yakaja haraka, yote ya upendo. Lia tu, dada, usijizuie. Uchungu humfanya mtu aseme mengi. Tunakuombea. Wawili watatu waliokuwa wamechelewa walikumbushwa na ujumbe huo huo, wakatuma kwa ile ile namba ya mwizi, ambayo polisi walikuwa nayo na ambayo ilikuwa bado inapokea vizuri. Wathome akasema hasikii njaa tena, wala hana haja ya usingizi. Kamene akajifungia bafuni akalia.

Matanga yakawa Jumamosi, alasiri, nyumbani kwa Kamene. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Wathome mwenyewe ndiye aliyezungusha chai, maana hata akiwa hivyo hakuwa mvivu, na waombolezaji wakaisifu. Kamene akasimama mbele akawaeleza yote tena, tangu ile sauti ya mtu aliyekesha. Akawaonyesha pahali pa kuweka namba ya siri ya pili. Akawasihi wakisikia msiba wampigie mwenye msiba, waisikie sauti yake kwanza.

"Watu ni wabaya, kweli," akasema Lenah, jirani wa mlango wa pili, akijipangusa macho kwa leso.

Simu ya Lenah ikalia. Akasikiliza, akashika kifua.

"Ooh, poleni sana... Kamati? Sawa, wacha iingie nikusomee."

"Lenah! Usisome hiyo namba!" Kamene akapiga kelele.

Lenah akaifunika simu kwa kiganja. "Kamene, taratibu. Wenzetu wamefiwa."

Akageukia ukutani, akaanza kusoma.

Wathome akaweka birika chini. Alimtazama Munene, mume wa Lenah, aliyekuwa karibu na mlango akichovya mkate kwenye chai, hana habari. Kisha akaketi kwenye benchi, akasogea hadi mwisho, akapangusa nafasi kando yake.

"Munene," akamwita, "njoo ukae na mimi huku."