Marehemu Gyanba Aja Kuuliza Habari za Binti Yake

Profesa Trimbak Sohoni alikuwa barazani, gazeti magotini, akingoja chai ya asubuhi, Gyanba Lokhande alipofungua lango. Gyanba alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, kwa homa, katika seli waliyofungwa pamoja enzi za Mwingereza. Alivua viatu, akasimama uani.

"Nani huyo?" mama yake profesa aliuliza kutoka jikoni.

"Gyanba, mama. Yule wa gerezani."

"Si alikufa?"

"Alikufa."

"Haya. Mwambie asipande barazani, nimeshaoga na sijasali bado."

Gyanba akaletewa chai katika kikombe cha udongo, vile vya kuvunjwa mgeni wa namna yake akishaondoka. Akainywa palepale uani, amesimama. Alikuwa wa tabaka la Mahar, watu ambao wakubwa wa mji wa Ambegad hawakuwagusa wala hawakukubali kuguswa nao.

Profesa hakuwa mtu mbaya. Alisoma London, akarudi kufundisha historia katika chuo cha mji, na mihadhara yake juu ya uhuru ilikuwa mitamu hata wapelelezi wa serikali waliotumwa kumsikiliza walisahau kuandika. Baadaye aliacha suti, akavaa nguo za pamba ya kusokotwa nyumbani kama wapigania uhuru wenzake, akaenda jela mara tatu. Mara ya tatu alitiwa seli moja na Gyanba, kibarua aliyeshitakiwa kwa kukata nyaya za simu. Profesa alipoangushwa na tumbo la kuhara, Gyanba alimwosha kama mtoto na kumpa fungu lake la maji. Zamu ya Gyanba ilipofika, profesa alimpakata kichwa mapajani, akamwapia: tukijitawala, binti yako atasoma chuoni kwangu, atakaa kwenye dawati kama mtoto wa mtu yeyote.

Alipofunguliwa, mama yake alimwita kuhani amtakase, kwa kuwa amekula na yule mtu. Profesa alikubali. Hakutaka kumuudhi bibi kizee. Kisha uhuru ukaja, naye akawa waziri wa elimu wa jimbo.

"Mwalimu," Gyanba alisema, "Bhagirathi amefaulu mtihani. Chuoni wamemwambia nafasi zimejaa. Nikaona nije mwenyewe."

"Sheria inaandaliwa, ndugu yangu. Nchi bado changa, tusiitikise."

"Mimi kungoja si neno, sina haraka tena. Ila mtoto anakua."

Profesa alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Akavaa kofia yake nyeupe, akaenda chuoni kwa gari. Gyanba alifuata kwa miguu.

Mkuu wa chuo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliwapokea kwa adabu. Kufa kwa Gyanba hakukumshughulisha. Alichouliza ni wazazi wengine watasema nini, na dawati litaoshwa na nani. Walizungumza mpaka adhuhuri, Gyanba akiwa amesimama mlangoni, na mwishowe wakapatana. Bhagirathi ataandikishwa, ila atakaa nje, barazani, chini ya dirisha la darasa. Magazeti yaliandika kwamba ukuta wa karne nyingi umeanguka Ambegad.

Jioni Gyanba alimpelekea binti yake habari. Bhagirathi alikuwa akikanda unga wa mtama, wala hakuinuka.

"Baba, umeshakufa na bado unaamini maneno ya yule mzee?"

"Alinilaza kichwa mapajani mwake."

"Gerezani. Huku nje amewahi kukugusa?"

Gyanba akasema moto unataka kuni, akatoka kwenda kuzitafuta.

Bhagirathi alikwenda chuoni hata hivyo, maana alitaka kusoma kuliko alivyotaka kukasirika. Baba yake alikaa naye sakafuni kila siku, akimchongea penseli. Wanafunzi walimzoea marehemu. Wengine walimwamkia wakipita, wakikusanya nguo zao zisimguse.

Wakati wa mvua profesa alialikwa kutoa mhadhara juu ya udugu. Aliingia darasani, akaona vichwa viwili vikichungulia juu ya kizingiti cha dirisha. Akasema kama hajawahi kusema: kwamba taifa ni mwili mmoja, kwamba anayemtenga ndugu yake anajikata mkono. Alipaza sauti makusudi ili walio nje nao wasikie.

Upepo uligeuka, mvua ikaanza kupiga barazani na kurusha matone ndani. Mwanafunzi wa mstari wa mbele akainuka kufunga dirisha.

"Liache wazi," profesa alisema, na darasa zima likampigia makofi.

Nje, Bhagirathi alilifunika daftari kwa upindo wa sari, akaendelea kuandika.