Gazeti Kati ya Mizinga Miwili

Asiniambie mtu kwamba sikujua ninachofanya. Nilijua sana. Nilikuwa na mizinga miwili nyuma ya nyumba: mmoja umejaa nyuki hadi wananing'inia mlangoni, mwingine una kiganja tu cha nyuki waliojikunyata kwenye sega moja. Yote miwili ni ya marehemu mume wangu. Watoto wako mbali, wanapiga simu wakikumbuka. Basi mimi huongea na nyuki, na uzuri wao hawanikatizi.

Ule mzinga dhaifu ulininyima raha. Kila asubuhi nilikuta nyuki wake wanatambaa mchangani, mabawa yamejikunja kama karatasi iliyolowa. Masikini wangu! Nikasema hawa wamepungukiwa na wenzao tu. Hebu kaa peke yako miaka minne, uone kama hutajikunja.

Nikafanya kama alivyokuwa akifanya marehemu. Nikaufunua mzinga wenye nguvu, nikatandaza gazeti juu yake, nikalitoboa kwa sindano, kisha nikaupachika ule mdogo juu. Nyuki hulitafuna gazeti taratibu, na hadi walimalize wameshazoeana harufu, hawauani tena. Siku ya tatu vipande vya gazeti vikaanza kutupwa nje. Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

"Haya, sasa hakuna mpweke humu," nikawaambia.

Wiki tano baadaye mchanga ulijaa nyuki wanaotambaa, na wale wa mlangoni hawapo. Moyo ulinipasuka. Nikakimbilia duka la pembejeo, mwenye duka akanielekeza kwa bwana nyuki. Sikujua hata kama kuna kazi kama hiyo.

Akaja, kijana mpole. Akachota nyuki nusu kikombe, akawatia kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, akawanyunyizia sukari ya unga, akatikisa. Sukari iliyodondoka akaimwaga kwenye sahani nyeupe yenye maji. Ikayeyuka, vikabaki vidoa vyekundu. Nikainama. Vilikuwa na miguu.

"Utitiri, mama," akasema. "Unawafyonza nyuki tangu wakiwa watoto ndani ya sega, na unawaachia virusi. Hivyo ndivyo vinavyoharibu mabawa. Ulianzia mzinga mdogo. Ungeuacha peke yake, huu mkubwa ungepona."

"Na dawa?"

"Mwezi uliopita, ndiyo. Sasa waliobaki ni wagonjwa, na ni wachache mno."

Nililia mbele yake, wala sioni aibu. Niliwapeleka kifo kwa mikono yangu, nikawashangilia.

Akafunika mzinga polepole.

"Lakini mama, kabla ya kuwaunganisha, mbona hukumwuliza mtu?"

"Mtu gani, mwanangu?"

Nilikuwa namwuliza kweli, nilitaka anitajie. Akautazama ua, akaitazama nyumba, kisha akainama kufunga mkoba wake.