Mistari Minne

Leokadia alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya Damian, akikwangua matope ya theluji kwenye zulia, na barua imechomoza mfukoni mwa aproni yake. Alingoja makarani wengine wavae makoti yao na kuondoka. Ndipo akainuka, akafuta mikono, akampa Damian barua hiyo.

"Kaka Damian, hebu nisomee. Kiswidi cha maofisini kinanishinda."

Damian aliitambua nembo ya chuo cha wauguzi kabla hajafungua bahasha. Yeye ndiye aliyetafsiri cheti cha Leokadia cha kidato cha nne, mwezi Septemba, katika ofisi hiihii ya tafsiri pale Sundbyberg, kando ya Stockholm. Biolojia, moja. Kiingereza, moja. Kemia, mbili. Hesabu, mbili. Mwaka 1970, kule Bukoba, mwalimu mkuu aliyasoma matokeo hayo mbele ya shule nzima, maana kwao moja ndiyo alama ya juu kabisa na tisa ni kuanguka. Stockholm mambo ni kinyume. Tano ndiyo ya juu, na mwenye moja ni mtu aliyekuwa akilala darasani.

Damian alilijua hilo, na chini ya tafsiri aliongeza mistari minne ya kulieleza. Bwana Hedlund, mkuu wake, akaikata yote kwa kalamu nyekundu. "Tunatafsiri kilichoandikwa," alisema. "Hatuwatetei waombaji." Damian akachapa upya bila ile mistari, akagonga mhuri, akatuma chuoni. Hakumwambia Leokadia neno. Karatasi yenye wino mwekundu aliisukumia kwenye droo, na tangu siku hiyo kila alipoivuta droo aliona haya.

Sasa barua ilisema alama za mwombaji ziko chini mno. Mstari wa mwisho ulisema kwamba ofisi iliyotafsiri cheti inaweza kuleta maelezo zaidi ndani ya siku kumi na nne.

"Ningoje kidogo, dada," alisema, akaenda nayo kwa mkuu wake.

Hedlund alikuwa akivaa glavu. Aliisoma akiwa amesimama.

"Tafsiri yako ina kosa?"

"Kosa hakuna, bwana. Ila wamezisoma alama kichwa chini miguu juu. Huyu binti alikuwa wa kwanza, wao wamemhesabu wa mwisho. Tukiwaandikia sentensi moja tu, inatosha."

"Watauliza kwa nini hatukuiandika Septemba. Utawajibu nini?"

 Aliyepaswa kujibu alikuwa mbele ya Damian, anafunga vifungo vya koti.

"Kibali chako cha kazi kinakwisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Fomu yako ya kukiongezea muda ninayo hapa. Nilipanga kuisaini Ijumaa." Hedlund akamrudishia barua. "Hii ameandikiwa mfanyausafi. Haikuandikiwa ofisi."

Damian alimfikiria mkewe Paskalia na watoto wao wawili kule Tensta. Alijichukia kwa jinsi alivyowafikiria upesi, kama mtu aliyekuwa akitafuta kisingizio.

Leokadia alikuwa ameshafika kwenye madirisha, akifuta vioo.

"Wamesemaje?"

"Wamesema alama zako hazitoshi."

"Moja haitoshi?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwani watoto wa huku wanapata ngapi?"

 Jibu lilikuwa neno moja tu, na lilikuwa mdomoni mwa Damian.

"Hawakuandika kingine?"

"Hapana. Niachie barua, nitaiweka kwenye faili."

Alimwachia bila hata kuiangalia tena. "Asante, kaka. Umehangaika sana na mimi. Pengine shule yetu haikuwa shule, tulikuwa tunajidanganya tu." Akarudi kwenye kioo chake.

Damian alivuta droo. Akaitoa karatasi yenye wino mwekundu, akaiweka juu ya barua, akazichana pamoja mara mbili, akatupa vipande kwenye kikapu. Alikuwa anavaa koti wakati Leokadia alipokuja na gunia la takataka. Aliinua kikapu, akasita. Alikuwa mwangalifu sana na karatasi za ofisi.

"Kaka, hizi ni za kutupa?"

"Za kutupa."

Akazimwaga ndani ya gunia, akazishindilia kwa kiganja ili za meza nyingine zipate nafasi.